Mtoto wa Pindoni

Terek, 11 Januari 1997

Mama Anarkan,

Salaam nyingi kutoka kwetu, na pole kwa safari ya kurudi Ak-Bulak. Dereva wa lori la sufu ameniambia mlifika salama na kwamba mtoto alilala njia nzima. Nimeshukuru. Kwangu hakuwahi kulala saa mbili mfululizo.

Sisi tupo. Mimi na Begimai tunaamka, tunakunywa chai, tunakula mkate. Yeye anakwenda shule, mimi nakwenda kwenye tingatinga kuondoa theluji barabarani. Tunarudi, tunakunywa chai, tunakula mkate. Jumapili nilipika tambi nikidhani ni jambo dogo. Begimai alizitazama, akaniuliza kama ni za kula au za kuzibia dirisha.

Kila Ijumaa anakaanga maandazi ili harufu imfikie marehemu mama yake, kama ulivyomfundisha. Mtoto wa miaka tisa amesimama juu ya kigoda mbele ya mafuta yanayochemka, na mimi mtu mzima nimekaa nyuma yake, nimeshika kifuniko endapo moto utawaka. Kanyshai angetuona angecheka mpaka akae chini. Bado nikifika mlangoni nakung'uta viatu kwa kishindo ili asikie nimerudi. Kisha nakumbuka.

Asante kwa kunibebea mtoto kipindi hiki, Mama. Nilikuwa sijiwezi. Mwezi wa Mei njia ya mlimani ikikauka nitakuja kumchukua. Jirani yetu Mama Kumush amesema mchana atakaa naye. Niambie kama anahitaji nguo.

Mkwe wako,
Mederbek


Ak-Bulak, 2 Februari 1997

Mkwe wangu Mederbek,

Barua yako imefika ikinuka dizeli. Nimeisoma mara mbili nikidhani miwani inanidanganya. Mei unakuja kumchukua nani?

Hebu nikukumbushe, maana naona umesahau. Siku ile ya arobaini, arobaini ya kuondoka mwanangu na arobaini ya kuzaliwa mtoto wake, asubuhi tulisoma hitima. Mchana tukamwogesha mtoto kwa vijiko arobaini vya maji, tukamvika lile shati la viraka arobaini tulivyoomba kwa majirani. Nilikuwa nimekaa na wazee wenzangu. Ukaja kwa miguu yako mwenyewe, ukamlaza mtoto kwenye pindo la gauni langu, ukasema, "Mama, mchukue." Wanawake kumi na saba walishuhudia. Wakasema amin. Mmoja alilia. Mkirgizi gani asiyejua maana ya kumlaza mtoto kwenye pindo la gauni la mwanamke? Mtoto wa pindoni ni wa aliyempokea.

Nilipofika huku nilichinja kondoo nikaita mtaa mzima. Wazee walinipa mkono wa heri. Atakua akiniita mimi Mama, na wewe atakuita Kaka, kama watoto wote waliochukuliwa na bibi zao. Marehemu mume wangu alilelewa hivyo hivyo na hakupungukiwa kitu. Meerim, jina alilolichagua Kanyshai mwenyewe, ameshalizoea. Ukimwita anageuza shingo.

Sina mwingine, Mederbek. Mwanangu wa kiume yuko Urusi, ananitumia picha za theluji, kana kwamba huku hatuna.

Wewe bado kijana. Oa. Mei njoo kama mgeni, nitakupikia. Na tambi hutiwa maji yakishachemka, siyo kabla.

Mama yako,
Anarkan


Terek, 23 Februari 1997

Mama,

Nimekaa na barua yako mfukoni siku nne, nikifika kwenye tingatinga naitoa, naisoma, naikunja tena.

Nilisema "mchukue" kama mtu anavyosema "nishikie hapa kidogo". Nilikuwa sijalala siku ya tatu. Nje kulikuwa na wageni wameshuka kwenye farasi na hapakuwa na mtu wa kuwapokea hatamu. Mtoto alikuwa analia, na mapaja yako ndiyo yaliyokuwa karibu. Niliposikia amin nikadhani mnaitikia dua. Sikufikiria pindo wala mila, sikuwa nafikiri kitu chochote. Sijakupa mtoto, Mama. Nimekuachia. Ni mambo mawili tofauti.

Begimai anaulizia mdogo wake kila siku. Ameandika tarehe zote mpaka Mei ukutani kwa mkaa, anazikata moja moja. Nitamwambia nini?

Kuhusu kuoa, tafadhali. Nywele zake bado zimo kwenye kitana.

Mederbek


Terek, 20 Machi 1997

Bibi, shikamoo.

Baba hajui kuhusu barua hii. Nimempa mwalimu wangu aitume. Ukijibu usimtaje mwalimu.

Mimi sijambo. Nimejua kupika supu. Baba hali sana, anasema ameshakula kazini lakini chakula alichobeba kinarudi. Jioni akirudi hashuki kwenye tingatinga. Anazima injini, anakaa tu humo ndani mpaka mimi nitoke nimgongee mlango. Nikimgongea anasema, "Ee, nimefika?"

Wiki iliyopita Mama Kumush alimleta mwanamke mmoja anayefanya kazi posta. Ana meno mawili ya dhahabu na anacheka vizuri. Baba akammiminia chai mpaka ukingoni. Bibi, mpaka ukingoni! Si ukimjazia mgeni kikombe umemwambia anywe aende zake? Yule mwanamke alinyanyuka hata hajaonja. Mama Kumush akasema, "Haya Mederbek, zeeka na tingatinga lako." Baba akaapa hakukusudia, alikuwa anawaza mengine. Mimi nilifurahi kidogo, halafu nikaona vibaya, kwa sababu mwanamke huyo alikuwa ameniletea stempu. Ndizo hizi za kwenye bahasha.

Kitu kingine. Baba hamtaji Meerim. Anasema "yule mtoto". Nikilitaja jina lake anatoka kwenda kumlisha ng'ombe. Ng'ombe wetu amenenepa sana.

Je, ameota meno? Nimeanza kusahau uso wake, na uso wa Mama nao naanza kuuchanganya na wa kwenye picha. Usimwambie Baba.

Mjukuu wako,
Begimai


Ak-Bulak, 10 Aprili 1997

Mederbek,

Usiniulize nimejuaje. Nimejua. Mtoto ana miezi mitano, ana jina lake zuri, na wewe unamwita "yule mtoto". Nimezitoa barua zako mbili nikazipitia mstari kwa mstari. Kweli, jina lake halimo hata mara moja. Sasa unamtakia nini? Unamtaka ili watu wa Terek wasiseme Mederbek ameshindwa na mtoto wake.

Na kwa kuwa tumefika hapo, acha nitoe lililonikaa kooni tangu Novemba. Siku mwanangu anatokwa na damu na mkunga anapiga kelele apelekwe mjini, gari lilikwama kwenye theluji nje ya kijiji saa tano nzima. Kijiji chote kina mtu mmoja wa kuondoa theluji, naye ni mume wake. Ulikuwa wapi? Ulikuwa upande wa pili wa mlima, unawafungulia njia malori ya makaa. Arobaini nzima nilikaa na wewe jamvi moja nimefunga mdomo. Leo nimesema.

Mei usije.

Anarkan


Terek, 22 Juni 1997

Mama,

Mei sikuja, uliniambia nisije. Juni nimekuja. Majirani watakuwa wameshakuambia. Begimai nilimwacha kwa Mama Kumush, nikamdanganya nakwenda kutafuta spea.

Nilikuta kufuli mlangoni. Jirani yako akasema umepanda malishoni na mifugo. Nilikaa kwenye ngazi yako mpaka alasiri, sikuwa na pa kwenda. Kwenye kamba ya nguo kulikuwa na suruali ndogo, magoti yameshonewa viraka vya ngozi. Niliitazama muda mrefu. Kumbe ameanza kutambaa, ametambaa mpaka suruali imetaka viraka, na mimi sina habari. Niliona aibu hata mbele ya kuku wako.

Umetoa lililokukaa kooni, na mimi nitoe langu.

Malori ni kweli. Asubuhi ile Kanyshai aliniambia mgongo unamuuma. Nikamwambia nitarudi mchana. Bosi alisema madereva wamekwama siku ya pili na wanaganda, nikaenda. Hakunishikia bunduki. Ningesema mke wangu amekaribia kujifungua, angemtafuta mwingine kutoka kijiji cha jirani. Sikusema. Hakuna siku ninayopanda kwenye kile kiti bila kulisema neno hilo ambalo sikulisema.

Na kuhusu pindo, nilikudanganya. Nilijua. Wageni wa farasi walikuwa wameshapokelewa. Nilikuwa nimembeba, amevaa lile shati la viraka, akafumbua macho, ni macho ya Kanyshai yale yale. Nikamwambia kimoyomoyo, kama wewe usingekuja, mama yako angekuwepo. Mama, niliwaza hivyo juu ya mtoto wa siku arobaini. Nikaogopa kukaa naye nyumba moja na wazo hilo. Nikakutafuta kwa macho pale kati ya wanawake, nikamlaza pindoni mwako, na nilijua maana yake kama kila mtu aliyekuwepo.

Kwa hiyo haki ni yako. Nikiulizwa na mzee yeyote nitasema ulipewa. Sidai kitu. Nakuomba tu. Nina watoto wawili na ninaitwa baba na mmoja.

Meerim. Nimeliandika. 

Mederbek


Ak-Bulak, 6 Julai 1997

Mwanangu Mederbek,

Sikuwa malishoni. Nilikuwa kwa jirani, nyuma ya pazia, hatua thelathini kutoka kwenye ngazi uliyokalia. Meerim alitaka kulia nikamziba mdomo kwa kiganja. Mtoto wa mwanangu, nimemziba mdomo baba yake asimsikie. Aliniuma. Tangu siku ile nikitawadha naona pale aliponiuma, ingawa alama ilishafutika.

Nilikusudia nife bila kukuambia hili, lakini umeandika ya kwako yote bila kubakiza, na mimi si mtu wa kubaki na deni la ukweli. Mwezi mmoja kabla ya kujifungua Kanyshai aliniandikia. Alitaka aje azalie huku kwangu, kwa kuwa hospitali ipo karibu na theluji haikai. Nikamjibu kwamba mke huzalia kwa mumewe, akija huku watu watasema amefukuzwa. Hukujua? Basi hakukuambia. Alinisitiri. Barua yake ninayo kwenye sanduku na sijaweza kuifungua tena. Nimekulaumu wewe na malori yako kwa sababu nikikuondolea lawama wewe, ninabaki nazo mimi.

Sijasema nitamrudisha, usinielewe vibaya. Sijui nitafanya nini. Nina miaka sitini na minane. Nikiamka kila kiungo kinaniuma, halafu huyu ananishika pua anacheka, nasahau kilikuwa kinauma kipi. Ana meno manne, kama kuna mtu huko anauliza.

Hitima ya mwaka ifanye Oktoba kabla ya theluji. Nitakuja naye.

Mama yako,
Anarkan


Terek, 14 Septemba 1997

Mama,

Hitima ni tarehe 11 Oktoba. Farasi wa kuchinja amepatikana. Njoo naye. Mbele za watu sitadai kitu, nakuahidi. Barua ile ya Kanyshai usiichome.

Mederbek


Ak-Bulak, 19 Oktoba 1997

Mwanangu,

Niliondoka bila kuaga, na najua Terek kwa maneno. Watakuwa wameshakuambia nimekasirika, nimeugua, nimechanganyikiwa. Acha nikuambie mwenyewe.

Dua ilipokwisha wazee walisema mtoto ameanza kusimama, afungwe kamba miguuni na atakayeshinda mbio aikate hapo hapo ili hatua zake zifunguke, siku ya msiba ipate na jambo la heri. Begimai akawashinda mbio watoto wote, akafika na kisu, akaikata. Ulikuwa umechuchumaa upande mmoja, mimi nimekaa upande mwingine. Meerim akakupita wewe akaja kwangu. Hatua tano. Watu walipiga makofi. Na mimi nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi.

Halafu ukaja ukaninong'oneza, "Rudi naye, Mama. Ameshachagua." Ulisema hayo huku unamfunga kamba za kofia upepo usimwingie masikioni. Ukafunga, ukafungua, ukafunga tena. Nilihesabu, ulifunga mara tatu. Mtu anayemtoa mtoto hafungi kofia mara tatu. Mwaka jana ulimlaza kwangu bila hata kumfunika miguu.

Pale pale nikaona nilichokuwa nakwepa kukiona. Mimi nitakwenda, Mederbek, kesho au baada ya miaka mitano, na ataletwa kwako akiwa ameshakua kidogo, mama yake wa pili naye ameshakufa, na wewe utakuwa mgeni anayemwita Kaka. Nilimchukua ili nibaki na kipande cha mwanangu. Yeye sikumuuliza atabaki na nini.

Ulipokwenda kuwaaga wageni nikampa Begimai, nikapanda lori la kwanza lililowasha injini. Sikumpa wewe, maana sikutaka mtu aseme amegawiwa tena. Sikumbusu pia. Ningembusu nisingeondoka.

Nyumba imekuwa kubwa. Nachemsha maziwa mengi kupita kiasi, nampa paka wa jirani.

Usiniambie nije kukaa kwenu. Mama mkwe haishi kwa mkwe wake na sitaanza mimi. Niambie kitu kimoja tu. Analia? Usinidanganye.

Anarkan


Terek, 9 Novemba 1997

Mama,

Analia.

Siku nne za kwanza alilia mpaka sauti ikakauka. Anatambaa mpaka mlangoni, anakaa hapo kutazama kitasa. Maziwa nikimpa mimi anayatema, akipewa na Begimai anakunywa. Nikimbeba anajikaza kama ubao. Siku ya tano nilikwisha kuvaa koti ili nimrudishe kwako. Begimai akajipanga mlangoni, akasema, "Baba, ukimrudisha na mimi nirudishe." Nikavua koti. Tulikaa wote watatu sakafuni, wawili wanalia, na wa tatu usimuulize.

Sitakuambia tumepona. Nimechoka kuliko msimu wowote wa theluji. Nguo hazikauki, uji unaungua, Begimai amesinzia darasani mara mbili na mwalimu ameniita. Mama Kumush anakuja asubuhi, anatutazama, anatikisa kichwa, anafagia. Yule wa posta naye alipita na chupa ya dawa ya kikohozi. Nilimwomba radhi kwa ile chai. Akasema alishasahau, lakini alikuwa hajasahau.

Leo umetimia mwaka. Tumekwenda kaburini asubuhi, Meerim nimemweka ndani ya koti langu. Tuliporudi nikamkuta mtu wa bosi mlangoni. Theluji imeanguka mlimani, malori yamekwama, nipande. Nikamwambia nina mtoto ana homa, amtafute mwingine. Akabaki amesimama, hakuzoea kusikia hivyo kwangu. Mimi pia sikuzoea kulisema neno hilo. Limenitoka sasa, Mama, mwaka mmoja limechelewa, na nililia baada ya kufunga mlango kwa sababu ya wepesi wake.

Homa yenyewe ni ya meno, usiogope.

Sikuambii uje kukaa. Nakuambia uje kutembea kabla njia haijafungwa, wiki moja au kumi, utakavyoona. Akikuona atanipita tena aje kwako. Najua. Njoo hivyo hivyo.

Nisamehe mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto. Baada ya chakula nilijinyoosha godorani, akaja mwenyewe, hakuitwa na mtu, akaulalia mkono wangu wa kulia akalala. Umekufa ganzi tangu saa nane. Sasa ni saa kumi na sijausogeza.

Baba yao,
Mederbek